Usiniambie Hilo Neno

Siku Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mume wangu alikuwa mpakani Kasumbalesa, upande wa Zambia, na lori letu la unga wa mahindi. Dada yake mkubwa alikuwa amejifungia nyumbani kwake, huko huko Goma. Mimi nilikuwa Makomeno, hapa Lubumbashi, katika chumba cha mbele tulichokuwa tumekigeuza ofisi, mbele ya kompyuta iliyokataa kunitambua.

Biashara ilikuwa ya dada yake. Yeye ndiye aliyeianzisha, akileta maharage ya Kivu na kuyauza kwa jumla, kisha akaongeza unga na mafuta ya kupikia kutoka Zambia, na karatasi zote zilikuwa kwa jina lake. Mume wangu alishika usukani wa lori. Mimi nilipewa ofisi kwa sababu nilikuwa nimesomea ukarani na kompyuta. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa, naye aliniita muke yetu, kama watu wa kwao wanavyomwita mwanamke aliyeolewa kwao. Tulionana mara chache, lakini hakuna siku iliyopita bila kuongea.

Yaya ndiye aliyechagua namna ya kutunza maneno ya siri. Benki, barua pepe, ukurasa wa forodha, kile kifaa cha kufuatilia lori barabarani, kila kimoja kilikuwa na neno lake refu lisilosomeka, lililotungwa na mashine. Yote yaliwekwa katika huduma moja ya mtandaoni tuliyoifungua kwenye kivinjari, yeye kule na mimi huku. Akaunti ilikuwa yake. Huduma ikitilia shaka jambo lolote, ilituma namba fupi kwenye simu yake, naye alinisomea, nikaingia. Tulizoea hivyo.

Vita vilipoingia mjini, mtandao wa Kongo ulizimika kule. Yaya alikuwa na laini ya Rwanda, kama watu wengi wanaoishi karibu na mpaka, akaiweka ili atafute habari zetu. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi, akajaribu kufungua huduma yetu aone kama mzigo umepita. Huduma iliona mtu anaingia kutoka nchi nyingine. Ikafunga kila kitu, ikanitoa na mimi pia, ikaandika kwenye kioo changu kwamba imetuma namba kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu ile ilikuwa ni ile ile ya laini ya Kongo, laini iliyokufa.

Nilijaribu barua pepe. Neno la barua pepe lilikuwa ndani ya huduma. Nilijaribu ukurasa wa forodha, nikabonyeza pale pa waliosahau, ukaniambia umetuma maelekezo kwenye barua pepe. Nilizunguka hivyo asubuhi nzima, mpaka nikaacha kusoma maandishi, nabonyeza tu kama mtu anayegonga nyumba bila kuwa na uhakika kama ina watu.

Mume wangu alipiga simu kutoka mpakani. Wakala wetu wa forodha alikuwa anangoja kitu kimoja tu: nifungue ule ukurasa nithibitishe kibali cha mzigo.

"Mama, huku mvua iko inanyesha," alisema. "Turubai imepasuka upande moja. Utafungua lini?"

"Namba inaenda kwa telefone ya Yaya, papa. Na telefone ya Yaya haishike."

"Sasa mi nibakie huku mpaka vita iishe?"

Alilala ndani ya kabini, miguu juu ya usukani. Choo alienda kuomba kwenye mgahawa wa kando ya barabara, na mwenye mgahawa alikuwa ameanza kumnunia. Baadaye unga wa chini ukaanza kushika unyevu, akawa anapanda kila asubuhi kugusa magunia na kunieleza yalivyo. Nilichoka kusikia habari za magunia yale, lakini yeye hakuwa na habari nyingine.

Yaya naye, kwa ile laini ya Rwanda, aliniandikia kwamba mtandao wa Kongo unarudi kidogo wakati fulani, halafu unapotea. Aligundua kuwa ukikaa juu ya tanki la maji nyuma ya nyumba unaushika. Tanki lilikuwa tupu, kwa sababu maji yalikatika pamoja na umeme. Mwanamke mzima, mnene, mwenye magoti mabovu, akawa anapanda ngazi na kukaa juu ya tanki la plastiki katika mji ambao risasi zilikuwa bado zinasikika mitaa ya pembeni. Akiuona mtandao ananiita, mimi nabonyeza, huduma inatuma namba, na tunangoja.

"Muke yetu, niko huku juu. Tuma sasa."

"Nimetuma, Yaya."

"Bado haiyafika."

Tulisikilizana tukipumua. Nyuma yake nilisikia mbwa, na mara moja mlio mkubwa. Namba ilipofika ilikuwa imeshapitwa na muda wake. Nilituma nyingine. Nilipotuma tena, huduma ilisema nimeomba mara nyingi mno, ningoje. Yaya akashuka. Kesho yake akapanda tena. Nilikuwa nakaa kwenye kiti kile hata chakula naletewa hapo, nikiogopa kwenda uani nisije nikakosa simu yake. Binti yetu alisimama mlangoni akaniuliza kama mimi pia niko vitani. Nikamwambia aende akacheze.

Ilikuwa alasiri namba ilipofika ikiwa hai. Yaya aliisoma kwa sauti ya kunong'ona, kama anasema jina la mtu aliyejificha. Niliandika. Ukurasa ukafunguka.

Sikushangilia. Nilithibitisha kibali kwanza, nikampigia mume wangu, na sauti yake ilipoanza kupanda nikamkatiza, kwa sababu Yaya alikuwa bado juu ya tanki na alikuwa na neno.

"Ondoa yote mule," aliniambia. "Yote. Weka mahali penye haitaomba namba ku telefone yangu. Halafu ufute huku. Sitaki mu hii telefone kubakie kintu."

Mahali hapo nilikuwa napajua. Miaka ya nyuma, intaneti ilipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi, nilikuwa nimebaki nje ya kila kitu kwa namna hiyo hiyo, na iliporudi nikashusha programu ya kutunza maneno ya siri inayoishi ndani ya kompyuta yenyewe. Haihitaji kivinjari wala mtandao. Haimtumii mtu namba. Inaweka kila kitu katika faili moja lililofungwa, kwenye diski yako, na faili hilo lina neno kuu moja tu. Niliishusha, kisha maisha yakarudi kawaida na mimi nikaiacha, kwa uvivu.

Sasa nikaifungua. Nilitoa maneno yote kutoka kwenye huduma, nikayaingiza kwenye programu, nikahakikisha moja moja kwamba yanafanya kazi, kisha nikafuta kule. Programu ikaniomba neno kuu. Chini yake kulikuwa na onyo kwamba nikilisahau hakuna mtu yeyote, hata waliotengeneza programu, atakayeweza kunifungulia.

Wazazi wangu walitoka Kasai. Nilipokuwa mdogo, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoa huu, majirani wawili walituficha, na mama alitukataza kusema Chiluba nje ya nyumba, hata neno moja. Sokoni, shuleni, kanisani, Kiswahili tu. Chiluba kikabaki cha ndani, cha jikoni, milango ikiwa imefungwa. Mama alikuwa na sentensi moja aliyoisema kila tulipomsumbua, si ya maana kubwa, na tangu afe sijamsikia mtu mwingine akiisema. Mume wangu ni mtu wa Kivu Kaskazini, hajui Chiluba. Yaya hajui. Watoto hawajui. Niliandika sentensi hiyo, nikairudia, programu ikakubali.

"Imekwisha, Yaya," nilisema. "Neno kuu ni moja tu. Nikuambie?"

"Usiniambie!" Alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Banapita nyumba kwa nyumba. Bakiniuliza, sitaki ikuwe mu kinywa yangu. Usiambie mutu. Hata ndugu yangu, eko mu barabara, mu barabara kuko ba-barrière ya baaskari, banaweza kumukamata. Ibakie na weye."

Nikamwahidi. Akashuka kwenye tanki.

Mume wangu aliingia nyumbani na harufu ya unga uliochacha. Alioga, alikula, akaketi kwenye kiti cha ofisi na kutazama ile programu mpya. Akaniuliza neno kuu kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Nikamwambia Yaya amenikataza. Alidhani natania.

"Mama, mi niko bwana yako, ao niko tu muchauffeur wa lori?"

"Uko bwana yangu. Muulize dada yako."

"Dada yangu eko Goma. Mi niko hapa. Na weye ukikufa?"

Ni swali la haki, na tangu siku hiyo halijaniacha. Nilimwambia sitakufa. Akacheka vibaya, akatoka kwenda kutazama matairi.

Siku chache baadaye simu yangu iliita, ikionyesha jina la Yaya. Nikapokea kwa furaha. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kijana, mwenye adabu.

"Mama, jambo. Dada yako iko hapa na sisi. Anasema mot de passe, neno ya siri, iko na weye."

Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, na bukari, ugali wetu, juu ya moto unaungua. Nikauliza Yaya yuko salama. Akasema yuko salama, hakuna tatizo, wanataka tu kuelewa. Walikuwa wamechukua simu yake, wakaona ile huduma, wakamwambia aifungue, wakaikuta tupu. Hawakuamini kwamba ni tupu. Yaya akasema ukweli, kwamba vitu vyote viko Lubumbashi kwa mke wa ndugu yake na yeye hajui neno.

"Hata nikikupa neno, halitakusaidia," nilisema. Nilijisikia nikieleza kama nafundisha darasa. "Faili iko hapa, mu ordinateur ya hapa nyumbani. Haiko ku intaneti. Bila hii mashine, neno ni maneno tu."

"Sema, mama. Sisi njo tutaangalia."

Kisha nikamsikia Yaya, mbali, akilia au akikohoa, sikuweza kutofautisha.

Watu wameniuliza baadaye, kwa nini hukumdanganya? Ungeweza kumtajia neno lolote. Ni kweli. Lakini kichwani mwangu hapakuwa na neno lingine. Pale ambapo maneno hukaa palikuwa na sentensi ya mama peke yake. Niliisema. Akasema hajasikia, niiseme tena. Akataka nimtajie herufi moja moja, na nikamtajia, huku mwiko unadondosha ugali kwenye miguu yangu, na nilimsikia akiandika mahali na kurudia kila herufi nyuma yangu kwa uangalifu. Akauliza ni lugha gani. Nikamwambia. Akasema, "Aah, Kasai," kama mtu aliyepita huko zamani. Akakata.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta nikabadilisha neno kuu. Nilichukua sentensi nyingine ya Chiluba, na hii ya pili niliitafuta kwa shida, maana zile za mama zilizobaki ni chache. Nikakosea, programu ikakataa, nikaandika upya. Ndipo nikarudi jikoni nikazima moto.

Jioni mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Alinisikiliza amesimama. Alipiga simu ya dada yake, ikawa imezimwa. Akapiga tena na tena. Kisha akakaa na kuniangalia.

"Ule mutu ulimuambia," alisema. "Mi, hapana."

"Walikuwa na Yaya, papa."

"Minajua. Minajua." Akaweka simu mezani. "Lakini ulimuambia."

Hakuliongelea tena, na ningependa zaidi kama angegomba. Aliingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Baada ya hapo tuliishi bila habari za Yaya. Laini zake zote mbili zilikuwa kimya. Kazi haikuweza kusimama, kwa sababu lori likisimama hakuna anayekula, kwa hiyo kila asubuhi nilikaa kwenye kompyuta, nikaandika sentensi yangu, nikafungua siku. Nilipopata malaria, mume wangu alikaa kando ya kitanda akinifuta na kitambaa. Homa iliposhuka akaniambia, "Umesema Kikasai mingi sana." Badala ya kumshukuru nilishtuka, nikamuuliza nilisema nini hasa, nani alikuwepo, mlango ulikuwa wazi? Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Mama, mi sisikiaka Kikasai. Lala."

Kisha mama yangu mdogo, wa mwisho kuzaliwa kwao mama, akafa Kilwa, Kilwa ya hapa Kongo, kule ziwani alikoolewa. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki wa kuongea naye Chiluba, kwa simu, siku za Jumapili. Wakati huo wa mvua, barabara ya Kilwa unaweza kuingia na usijue utatoka lini. Lori letu lilikuwa tena mpakani, na wakala angehitaji kibali wakati wowote. Nilifunga mkoba. Nilikaa kitandani na mkoba kando yangu, nikifikiria nani atafungua kompyuta. Mume wangu kwenye simu alisema neno moja tu, "Niambie, uende." Nilifungua mdomo. Nikamwona Yaya juu ya tanki ananikataza, Yaya ambaye sikujua kama yuko hai, na nikiivunja ahadi yake ingekuwa kana kwamba nimeshakubali kuwa amekufa. Nikasema hapana. Mama mdogo akazikwa bila mimi. Binamu zangu hawajanisamehe, na sioni namna ya kuwaeleza kwamba sikwenda msibani kwa sababu ya neno la siri.

Yaya alifika mwisho wa mvua. Mume wangu alipokea simu ya mwanamke asiyemjua, dereva mwenzake akitafsiri kutoka Kibemba: kuna mama kwenye kituo cha mabasi upande wa Zambia anasema wewe ni ndugu yake. Alikuwa amevuka Rwanda, akapita Tanzania, akashuka Zambia nzima kwa mabasi, na mfuko mmoja. Mume wangu alimleta ndani ya kabini ya lori. Aliposhuka mbele ya nyumba yetu, sikumtambua mara moja. Nguo zilikuwa zinamning'inia.

Alituambia machache. Walimweka kwenye chumba kimoja na wanawake wengine wa biashara, wakawauliza wote mambo yale yale. Wale waliojua namba za kufungulia vitu vyao waliulizwa kwa muda mrefu. Yeye aliulizwa muda mfupi, kwa kuwa kila alipoulizwa alisema hajui, na uso wake ulionyesha kwamba kweli hajui. Walipopata sentensi yangu, walijaribu kuiweka kwenye simu yake mahali pote, haikufungua kitu. Wakachoka naye, wakamwachia.

Nilimpa wiki moja apumzike, ale, alale. Halafu nikamwita ofisini, nikavuta viti viwili, nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumrudishia mali yake. Nilitaka kulala homa kama watu wengine, na kwenda Kilwa kuweka jiwe kwenye kaburi.

"Yaya, sasa ukae hapa. Nikufundishe neno. Ni ndefu kidogo lakini utaizoea."

Alisimama. Kweli alisimama, akasukuma kiti nyuma.

"Hapana, muke yetu."

"Biashara ni yako."

"Iko yangu, ndiyo. Lakini hapana." Alishika kifua chake. "Mi niliponea ju ya kukosa kujua. Unasikia? Kujua ile kintu, sitaki tena. Banaweza kufika hata huku. Nani anajua?"

Nilimwambia Lubumbashi ni mbali. Akasema Goma pia ilikuwa mbali na vita, mpaka asubuhi moja.

Nikamfuata mume wangu uani, akibadilisha taa ya lori. Nikamwambia basi, wewe. Yaya amekataa, ahadi imekwisha, nakuambia sasa hivi. Aliendelea kukaza skrubu.

"Ile siku nilikuomba, ningefurahi," alisema hatimaye. "Sasa nimesikia vile Yaya anaeleza. Kila safari minapita ku ba-barrière. Uniachilie tu, mama."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hasira ilikuwa imekwisha na alichobaki nacho ni woga, kama sisi wote. Nilisimama pale nikimshikia tochi mpaka akamaliza.

Kwa hiyo mambo yalibaki hivyo. Kompyuta ni ile ile, programu ni ile ile, na kila nakala ya faili ninayoiweka pembeni imefungwa kwa neno hilo hilo. Binti yetu bado mdogo, na nimeamua sitamtwika. Nikivuka barabara naangalia pande zote mara mbili zaidi ya zamani. Nikikohoa, Yaya ananichemshia majani kabla sijaomba.

Asubuhi, nikikaa kwenye kiti na kuwasha mashine, Yaya huweka kikombe chake chini na kutoka nje. Hataki hata kuona vidole vyangu vinavyokwenda. Anasimama karibu na bomba, ameupa mgongo mlango, anaangalia ukuta wa jirani. Mimi naandika sentensi, taratibu, nisikosee. Kisha namwita.

"Nimefungua, Yaya."

Anarudi, anavuta kiti chake, ananiuliza lori limefika wapi.